Ya Kwanza, Lakini ya Wapi? Rekodi za Ohio Angani

Ndege ya kwanza yenye injini iliruka North Carolina. Roketi za kwenda mwezini ziliruka Florida na kuongozwa kutoka Texas. Ohio, jimbo la Marekani lenye mashamba ya mahindi, viwanda vya mpira na Ziwa Erie upande wa kaskazini, halina hata kituo kimoja cha kurushia roketi. Lakini chukua orodha yoyote ya rekodi za angani, kisha uulize kila aliyetajwa katokea wapi na chombo chake kimeundwa wapi. Utajibiwa Dayton, Cleveland, Akron, Columbus, hadi uchoke kuuliza.

Ubishi huu Wamarekani wenyewe wanao. Vibao vya namba za magari vya North Carolina vinajigamba kuwa jimbo hilo ndilo la kwanza kuruka. Vya Ohio vinajibu kuwa usafiri wa anga ulizaliwa kwao. Mwaka 2001 North Carolina ikaweka ndege hiyo ya kwanza, ya kina Wright, kwenye sarafu yake ya senti 25. Mwaka uliofuata Ohio nayo ikaweka ndege ileile kwenye ya kwake, ikaongeza na mwanaanga kando, pengine ili kumaliza maneno. Mimi naona rekodi huandikiwa mahali tukio lilipoonekana, na karakana ikasahaulika. Kwa hiyo hapa natetea karakana, ingawa pale Ohio inapojipigia debe kupita kiasi nitasema pia.

Kona ya kwanza

Wilbur na Orville Wright walikuwa mafundi na wauzaji wa baiskeli mjini Dayton. Orville alizaliwa hapo mwaka 1871. Wilbur alizaliwa jimbo jirani la Indiana, jambo ambalo Ohio hawapendi kulitaja. Hakuna kati yao aliyepata cheti cha sekondari. Darasani kwake Orville alisoma na kijana mmoja mweusi, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, aliyeitwa Paul Laurence Dunbar. Dunbar alipotaka kuanzisha gazeti la watu weusi wa Dayton mwaka 1890, lilichapwa kwenye mtambo wa kina Wright. Baadaye akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Marekani.

Mwaka 1901, baada ya vitelezi vyao kuwaangusha kila mara, ndugu hao waligundua kwamba majedwali ya nguvu za upepo waliyokuwa wakiyategemea yana makosa. Wakaunda sanduku la mbao la urefu wa kama mita 1.8, wakafunga feni upande mmoja, na ndani yake wakapima maumbo ya mabawa yapatayo 200 yaliyokatwa kwa bati. Mizani ya kupimia waliifanya kwa spoku za baiskeli na vipande vya msumeno. Injini walipoikosa kwa watengenezaji wa magari, kazi alipewa Charlie Taylor, fundi waliyemwajiri dukani. Aliimaliza kwa wiki sita. Mwili wake ulikuwa wa aluminiamu na nguvu zake za farasi 12. Shafti ya krenki aliipata kwenye kipande kizima cha chuma: alichora umbo lake, akachimba matundu mfululizo kulizunguka, akalibomoa, kisha akalikereza hadi likawa laini. Ukiniuliza nani mekanika wa kwanza wa ndege duniani, nitamtaja Taylor bila kusita.

Desemba 17, 1903, kule North Carolina kwenye mchanga na upepo mwingi, Orville aliruka sekunde 12 na mita 36.6. Siku hiyohiyo Wilbur akafika sekunde 59 na mita 260. Hiyo ndiyo rekodi ambayo kila mtoto wa shule anaijua. Lakini ndege inayokwenda mbele tu, tena kwa kusaidiwa na upepo wa pwani, haimfikishi mtu popote. Kujifunza kurusha ndege walijifunzia nyumbani, kwenye malisho ya Huffman Prairie nje ya Dayton. Mwenye shamba, Torrence Huffman, aliwapa bure kwa sharti moja: kabla ya kuruka wawaondoe kwanza ng'ombe na farasi.

Hapo, Septemba 20, 1904, Wilbur alizunguka duara zima kwa dakika 1 na sekunde 36. Ndiyo mara ya kwanza ndege kurudi ilikotoka. Waandishi wa magazeti makubwa hawakuwepo. Aliyekuwepo ni Amos Root, mfanyabiashara wa vifaa vya ufugaji nyuki kutoka mji wa Medina, aliyeendesha gari lake kutoka kaskazini mwa Ohio ili ajionee. Januari 1905 akayaandika aliyoyaona kwenye jarida lake la wafuga nyuki. Hivyo simulizi ya kwanza ya shahidi juu ya ndege inayopinda kona ilisomwa na watu waliotaka kujua habari za mizinga na masega. Oktoba 5 mwaka huo Wilbur alikaa hewani dakika 39, akazunguka malisho yale kilomita 39, akashuka kwa sababu mafuta yalikwisha. Kwa hesabu yangu, siku hiyo ndiyo binadamu alipata ndege ya kutumika.

Baba yao, Askofu Milton Wright, alikuwa amewakataza kuruka pamoja, asije akawapoteza wote kwa ajali moja. Mei 25, 1910 aliwaruhusu mara moja tu. Kisha mzee mwenyewe, akiwa na miaka 81, akapanda na Orville kwa mara ya kwanza maishani, na badala ya kuogopa akawa anamhimiza mwanawe apande juu zaidi.

Hariri, viwavi na mzabibu

Dayton haikuishia kwa kina Wright, na rekodi zake nyingine ndizo zinazonifurahisha zaidi kwa sababu hazina makuu.

Novemba 7, 1910, rubani Philip Parmalee alibeba marobota ya hariri kutoka Dayton hadi Columbus, karibu kilomita 100, kwa niaba ya duka la nguo. Huo unahesabiwa kuwa mzigo wa kwanza wa biashara kusafirishwa kwa ndege. Duka lililipa dola 5,000, pesa nyingi mno kwa nauli ya vitambaa, lakini wenye duka hawakuwa wajinga: sehemu ya hariri waliikata vipande vidogo, wakavibandika kwenye kadi na kuviuza kama kumbukumbu.

Agosti 3, 1921, rubani John Macready alipita chini sana juu ya shamba la miti ya mikatalpa karibu na mji wa Troy, kaskazini mwa Dayton. Pembeni mwa ndege yake lilikuwa limefungwa sanduku la unga wa sumu lenye mkono wa kuzungusha. Unga ulimalizika kwa chini ya dakika moja, na viwavi waliokuwa wakiyala majani wakafa karibu wote. Ilikuwa mara ya kwanza ndege kunyunyiza dawa ya wadudu shambani. Ndege zilizopita juu ya kaunti za kaskazini mwa Kenya mwaka 2020 zikipambana na nzige zilikuwa zikifanya kazi ileile iliyoanzia Troy.

Macready alitoka McCook Field, uwanja wa majaribio wa jeshi uliokuwa ndani ya Dayton kabisa. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba marubani waliandikiwa tangazo kubwa la kuwahimiza watumie kila hatua ya uwanja. Kutoka hapo, Oktoba 20, 1922, Luteni Harold Harris aliondoka na ndege ya majaribio, na mabawa yakaanza kutetemeka hadi yakaachana na mwili wa ndege. Akaruka. Alivuta kilichomjia mkononi ili mwavuli ufunguke, kumbe anavuta mkanda wa mguuni, na alikosea hivyo mara tatu kabla ya kuushika mkono wenyewe wa kufungulia. Mwavuli ulifunguka akiwa karibu mno na ardhi, akatua kwenye mzabibu uani kwa mtu. Ndiye rubani wa kwanza kuokoka kwa kujitupa kutoka ndege iliyoharibika na kuufungua mwavuli mwenyewe. Tukio hilo lilizaa Klabu ya Viwavi, ya wote waliowahi kuokolewa na mwavuli, na jina lilitokana na mdudu anayefuma hariri ya miavuli. Kwa hiyo katika muda wa miezi 15 Dayton iliwaua viwavi kwa ndege, kisha ikawapa heshima kwa sababu ya ndege.

Rekodi ambayo Akron isingependa kuwa nayo

Mji wa Akron uliishi kwa mpira. Kampuni ya Goodyear ilijenga hapo, mwaka 1929, banda la kuundia meli za angani, yaani maputo makubwa ya kuendeshwa kwa injini. Lina urefu wa mita 358 na kimo cha mita 64 bila nguzo hata moja katikati, na wakati huo halikuwa na mfano duniani. Husimuliwa kwamba joto linapobadilika ghafla, ukungu hujikusanya juu ya dari na mvua ikanyesha ndani. Humo ndimo ilimotoka USS Akron mwaka 1931, ya mita 239, iliyoweza kubeba ndege ndogo za kivita tumboni na kuzipokea tena zikiwa angani kwa ndoano.

Usiku wa kuamkia Aprili 4, 1933 ilikumbwa na dhoruba ikaangukia baharini karibu na New Jersey. Kati ya watu 76, walipona watatu. Dunia inaikumbuka meli ya angani ya Hindenburg kwa sababu ilipigwa picha ikiteketea, na katika ajali hiyo walikufa 36. Ajali ya meli ya angani iliyoua watu wengi kuliko zote ni ya Akron. Haikuwa na maboya ya kutosha ya kujiokolea, na hakukuwa na kamera.

Viwanda hivyohivyo vya mpira vilitoa pia mavazi. Russell Colley wa kampuni ya B.F. Goodrich alimtengenezea rubani Wiley Post suti ya kuvaa kwenye anga la juu mwaka 1934. Shida ya suti zile ilikuwa moja: zikijaa hewa hukakamaa, mtu hawezi kukunja kiwiko wala goti. Ufumbuzi Colley aliupata bustanini, alipomwona kiwavi wa mnyanya akijikunja bila mwili wake kuvimba kwa sababu umegawanyika pingili pingili. Akaiga pingili. Suti za wanaanga wa kwanza wa Marekani zilitokana na kazi yake. Viwavi tena.

Mama wa watoto watatu na Cessna yake

Rubani Amelia Earhart alipotea mwaka 1937 akijaribu kuizunguka dunia. Kwa miaka 27 iliyofuata hakuna mwanamke aliyekamilisha safari hiyo peke yake. Aliyekuja kuikamilisha ni Jerrie Mock, mzaliwa wa Newark, Ohio, mama wa watoto watatu aliyekuwa amesoma uhandisi wa ndege Chuo Kikuu cha Ohio State, akaacha akaolewa. Siku moja alimlalamikia mumewe kuwa amechoka kukaa nyumbani. Mume akamtania: basi panda ndege yako uzunguke dunia. Utani ule yeye aliuchukua kwa dhati.

Machi 19, 1964 aliondoka Columbus na Cessna 180 yenye injini moja, iliyotimiza miaka 11, viti vya abiria vimeng'olewa na kuwekwa matangi ya mafuta. Alikuwa na miaka 38 na hakuwa amewahi kuvuka bahari kuu akiwa rubani. Siku mbili kabla, rubani mwingine, Joan Merriam Smith, alikuwa ameondoka California kwa lengo hilohilo, kwa hiyo mume wa Mock akawa anampigia simu kila kituo kumhimiza asilale sana. Juu ya jangwa la Libya alinusa harufu ya kuungua: mota ya antena ilikuwa imeshika moto karibu na tangi la mafuta. Aliizima swichi akaendelea. Misri alitafuta Cairo, akatua kwenye kambi ya jeshi ya siri, akazungukwa na askari waliotaka kujua huyu mama aliyevaa sketi katokea wapi.

Tukio ninalolipenda zaidi ni la Dhahran, Saudi Arabia. Alipotua, watu walikusanyika kumtazama, wakawa wanangoja. Mmoja akachungulia ndani ya ndege kumtafuta rubani, yaani mwanamume. Alipowatangazia wenzake kwamba hamna mtu, uwanja mzima ulishangilia.

Alirudi Columbus Aprili 17, baada ya siku 29, saa 11 na dakika 59. Rais Lyndon Johnson akamvika medali. Smith naye alimaliza mzunguko wake wiki kadhaa baadaye, kwa njia ndefu iliyofuata nyayo za Earhart. Waulize watu kumi leo ni mwanamke gani wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa ndege, na wengi watakutajia Earhart, ambaye hakufika, tena hakuwa peke yake. Kati ya rekodi zote za Ohio, hii ndiyo iliyodhulumiwa zaidi.

Glenn, mara mbili

John Glenn wa New Concord alikuwa na rekodi hata kabla ya kwenda anga za juu. Julai 16, 1957 alivuka Marekani kutoka California hadi New York kwa saa 3 na dakika 23, wastani wa mwendo ukiwa zaidi ya ule wa sauti. Alipopita juu ya kwao kishindo kilitikisa mji, na inasimuliwa kuwa mtoto wa jirani alikimbilia ndani akipiga kelele kwamba Johnny amedondosha bomu.

Februari 20, 1962 akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia katika chombo cha anga, miezi kadhaa baada ya Warusi Yuri Gagarin na Gherman Titov. Neno "Mmarekani" katika rekodi hiyo lina kazi kubwa, na Ohio mara nyingine hulitamka kwa sauti ya chini. Maandalizi alikuwa ameyapitia Cleveland, ambako mwaka 1960 yeye na wenzake sita walifungwa kwenye mtambo uliowazungusha pande tatu kwa mpigo hadi wajifunze kuutuliza.

Safari hiyo ilipita kwetu. Marekani ilikuwa imeweka vituo vya kufuatilia chombo kuzunguka dunia, na kimoja kilikuwa Tunguu, Unguja. Kama nusu saa baada ya kuruka, Glenn alikuwa juu ya Zanzibar akizungumza na watu wa kituo. Hapo alifanya zoezi la kuvuta kamba ya mpira ili daktari apime jinsi moyo unavyostahimili. Mapigo yakapanda, kisha yakatulia. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, magharibi inakaribia, na mjini watu walikuwa wakiandaa futari. Dakika chache mbele, juu ya Bahari ya Hindi, naye aliliona jua likizama, machweo ya kwanza kati ya yale aliyoyaona siku ile. Kituo chenyewe kilikuwa na manung'uniko tangu mwanzo, kwa kuwa wengi visiwani walikishuku kuwa cha kijeshi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 hakikumaliza mwaka.

Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa saa 4 na dakika 55. Njiani taa moja ilionyesha kwamba ngao ya joto imelegea, wakamwamuru ashuke bila kutupa roketi za breki zilizofungwa juu yake, huenda zikaishikilia. Alishuka akiona vipande vya moto vikipita dirishani, asijue kama ni roketi au ni ngao yenyewe. Taa ndiyo iliyokuwa na hitilafu.

Oktoba 1998, akiwa seneta wa Ohio mwenye miaka 77, alirudi tena angani kwa siku tisa. Tangu 2021 wazee waliompita kwa umri, akiwemo Wally Funk wa miaka 82, wamefika anga za juu kwa safari za dakika kama kumi za kupanda na kushuka. Za kwao ni rekodi halali, lakini mimi siziweki mizani moja na mizunguko 134 ya Glenn.

Wengine, kwa haraka

Neil Armstrong alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la babu na bibi yake karibu na Wapakoneta, akapata kibali cha kujifunza urubani alipotimiza miaka 16, kabla ya leseni ya gari. Mwaka 1966 aliongoza safari ya kwanza iliyounganisha vyombo viwili angani. Saa za Afrika Mashariki zilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nne alfajiri ya Julai 21, 1969 alipokanyaga mwezi, akiwa amebeba kipande cha mbao na cha kitambaa kutoka ndege ya kina Wright.

Jim Lovell wa Cleveland alikuwa wa kwanza kuruka safari nne za anga za juu. Anayo pia rekodi ya uchungu: ndiye pekee aliyefika mwezini mara mbili, kwa Apollo 8 na Apollo 13, asitue hata mara moja. Katika ile ya pili, mwaka 1970, yeye na wenzake walifika kilomita 400,171 kutoka duniani, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao, na mmoja wa waliosimamia kuwarudisha salama alikuwa Gene Kranz, mzaliwa wa Toledo. Judith Resnik wa Akron alikuwa Mmarekani wa pili mwanamke kwenda anga za juu, mwaka 1984, na alifariki katika ajali ya chombo cha Challenger Januari 28, 1986. Sunita Williams, mwanamke aliyekaa muda mrefu kuliko wanawake wote nje ya chombo, jumla ya saa 62 na dakika 6, alizaliwa Euclid, Ohio, lakini amekulia Massachusetts. Hapo Ohio inajipigia debe, niseme ukweli.

Chumba kikubwa kisicho na hewa

Maabara ya NASA ya Cleveland, iliyoanzishwa mwaka 1941 na sasa inayobeba jina la Glenn, ndiyo iliyoitoa kwenye mkwamo roketi ya Centaur, iliyotumia haidrojeni ya kimiminika na baadaye ikavisukuma vyombo vya Viking na Voyager. Injini ya ayoni iliyoundwa hapo ilikuwa ya kwanza kufanya kazi anga za juu: dakika 31, mwezi Julai 1964.

Tawi lake liko karibu na Sandusky, nalo limepewa jina la Armstrong. Humo mna chumba cha ombwe kikubwa kuliko vyote duniani, chenye upana wa mita 30.5 na kimo cha mita 37. Ndani yake mifuko ya hewa iliyokitua chombo cha Pathfinder kwenye Mars mwaka 1997 ilirushwa juu ya mawe hadi ikachanika, ikashonwa upya, ikarushwa tena. Mwishoni mwa 2019 chombo cha Orion kililetwa Ohio ndani ya ndege yenye tumbo kubwa kama la nyangumi, kikashushwa Mansfield, kisha kikapita barabarani hadi Sandusky, na nyaya za umeme njiani zilibidi ziinuliwe ili kipite. Kiligandishwa na kuchomwa kwa miezi mitatu, kikarudishwa Machi 2020. Novemba 16, 2022 kilikwenda kuuzunguka mwezi bila mtu ndani. Kiliruka Florida, kama kawaida.